Tosha Kwanza Ma Boucles

Luano, Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Mutoto yako ameisha kuanza, Floribert, basi usinisumbue tena juu ya ile anglais yako. Ameisha kuanza, na kaye mupya ya kuandikia na bic mbili. Yambo mwana wangu. Yambo sana. Huku shiye tuko. Goti inaniuma wakati mvua inakuya, lakini majani ya sombe natwanga miye mwenyewe, bukari nakoroga miye mwenyewe, hakuna mutu wa kunisaidia paka huyu mutoto yako Abigaïl mwenye kuandika hii barua. Andika vile nasema, Abigaïl, usitie français ya masomo. Baba yako anayua sauti yangu.

Simu uliyonitumia niliipa Lydie, jirani. Weye unaongea mule ndani, miye nasikia paka tu kama mutu anakaranga mahindi. Alafu ndege inapita juu ya mabati, nasema allô, allô, lupango muzima inanicheka. Barua njo muzuri. Chama dereva anaibeba mu camion yake paka kwako Ndola, Zambie. Kama camion inalala ku file ya mupaka, Kasumbalesa, barua nayo inalala, haina mubaya.

Ile anglais, mwana wangu, ni mambo. Abigaïl alinielezea hapa tukiwa tunachambua mchele. Shiye tukisema kintu ya jana, tunatia alama mbele: nilikula, balienda, basi, imeisha. Bazungu ya kule banatia nyuma. Kuko verbes yenye kutii, unaitia ED ku mukia na inakufuata kama bata: walk, walked. Alafu kuko ingine yenye kichwa nguvu, haitake mukia, inageuka sura yote: go, went, gone. Ile ya kichwa nguvu hauwezi kuitafuta kwa akili, shariti uimeze moja moja. Asubui Abigaïl anapiga fagio, eat, ate, eaten. Anateka maji, drink, drank, drunk. Kuku yangu ile nyeusi nafikiri nayo iko karibu kuyua.

Mwalimu anaitwa Maître Casimir. Mutu mufupi, viatu inang'aa hata mu matope. Anafundishia mu hangar nyuma ya église, batoto yote benye kutaka kuenda Zambie na Afrique du Sud banakuya kwake. Abigaïl anaendaka na rafiki yake Benita, mutoto wa Mama Kapinga mwenye kuuzisha samaki. Banatembea banashikana mikono kama mapacha.

Ma boucles ya masikio uliyotuma ilifika. Inamupendeza kabisa, anafanana na marehemu mama yake Simone, hata namna ya kugeuza shingo. Paka kintu moja siielewe: kila siku mbele ya kuenda ku cours anaitosha ku masikio, anaifunga mu leso. Namuuliza miye kambo yake, mama ya baba yake, «Kuko mwizi kule?» Anasema, «Hapana, Kambo.» Nauliza tena, anasema, «Njo vile tunafanyaka.» Na saa hii ameinamisha kichwa, anaandika mbio mbio. Sawa.

Tena nakuuliza: mu nyumba yako kule kuko mwanamuke? Bantu balisema. Na mikono yako inaendelea namna gani? Abigaïl ananiangalia. Andika tu, mutoto: mikono yake inaendelea namna gani. Ye atasikia.

Miye mama yako, Albertine.


Ndola, le 29 mars 2024

Chère maman,

Nakusalimia mu jina ya Bwana wetu. Miye niko muzima, kazi iko. Hapa ku parking ya macamion tunafungua pneus ya magurudumu toka asubui paka mangaribi. Mikono iko sawa, paka chuma inakata vidole, lakini nilinunua gants ya kuvaa mu mikono.

Nimefurahi kusikia Abigaïl anasoma. Nilisemesha directeur wa école moja hapa. Atamupima anglais mu mwezi wa kumi na mbili. Kama anapita, mu janvier anaingia. Kama hapiti, hakuna fasi. Basi namuomba Maître Casimir asimuonee huruma. Aseme naye kwa fimbo kama anakosa. Miye pia nilipigwaka ku masomo, maman, unakumbuka, maître alinivunja jino, na leo naweza kuandika hii barua. Mutoto bila kupigwa anabaki mubichi.

Abigaïl, wakati unaandika barua ya Kambo, unisoma vizuri: uwe wa kwanza. Sitaki wa pili. Na ma boucles uivae, nilitafuta kwa kazi.

Mwana wako,
Floribert


Luano, tarehe 6 mwezi wa tano 2024

Ni wa kwanza, Floribert. Nilisoma barua yako, ni kusema alinisomea, na nakujibu: mutoto wako ni wa kwanza ku cours muzima. Yambo. Goti imepona, sasa ni kiuno. Ngosa, bwana ya Lydie, alichinja mbuzi juu ya ubatizo ya mutoto yabo, balinipa kichwa. Mbuzi nzima, banapa mama muzee kichwa! Nilikula lakini nilikasirika.

Ni wa kwanza, lakini mukono ya kuume imevimba. Hapa kati ya vidole na kifundo. Anasema alianguka. Mutu anaangukaka na kiganja, si na mugongo ya mukono, miye nimezaa batoto saba, nayua kuanguka. Nimemutia maji ya chumvi. Njo maana mwandiko inatetemeka, usimugombeze.

Na Benita hapitake tena huku. Mbele alikuwa anakuya asubui, «Kambo Albertine, umeamka?», anaiba karanga yangu, banaenda. Sasa Abigaïl anaenda peke yake, anazunguka ku njia ya nyuma. Nilimuuliza Abigaïl, muligombana? Akainamia kaye yake. Nilimuuliza nani ana

Abigaïl anasema bic imekufa. Anaandika paka hapa.

Na haukujibu juu ya ule mwanamuke.


Ndola, le 2 juin 2024

Chère maman,

Barua yako ilikatika katikati. Nani ana nini? Kama bic imekufa, inunuliwe ingine. Na mbona Abigaïl hakunitia hata neno moja yake, «bonjour papa», kintu? Mwambie baba yake anauliza. Anavaa ma boucles?

Mukono ya kuvimba ni kazi ya kuandika. Itapita. Asikose hata siku moja.

Nina haraka, Chama anapiga honi.

Floribert


Luano, tarehe 19 mwezi wa sita 2024

Huyu mwenye kuandika saa hii ni Lydie, usishituke na mwandiko. Abigaïl iko mu chumba, mulango nimefunga miye, funguo iko mu kifua yangu. Yambo, Floribert. Kaa chini kwanza. Umekaa?

Weye ulisema apigwe. Sasa sikia namna banapigaka kule ku Casimir.

Ye mwenyewe hachafuake mikono. Anasimama na viatu yake yenye kung'aa, anauliza verbe moja. Mwenye kukosa anasimama. Anauliza mwengine, anakosa, anasimama. Vile vile, paka mumoja anajibu muzuri. Basi ule mwenye kujibu njo anapita mbele ya benye kusimama, anabapiga kofi mu sura, mumoja nyuma ya mwengine. Mutoto anapiga mutoto. Casimir anahesabisha, anacheka, anasema vile verbe haitoke tena mu kichwa. Na kama unapiga polepole, juu ni rafiki yako, ye anakuita mbele, anakufundisha nguvu yenye kufaa na kipande ya pneu ku mugongo ya mukono. Umesikia? Ku mugongo ya mukono. Njo kule Abigaïl «alianguka».

Na mbele ya kuanza anasema ku batoto banamuke, «Les filles, tosha ma boucles.» Juu siku moja sikio ya mutoto fulani ilipasuka. Hakuacha kofi, Floribert! Alitosha ma boucles!

Lydie, usilie, karatasi inalowana.

Mutoto wako ulisema uwe wa kwanza. Alikuwa wa kwanza. Basi ye njo alikuwa anapiga. Kila siku ye njo anapita mbele ya bengine. Alinielezea bila machozi, anaangalia ukuta: «Kambo, mara ya kwanza nilipiga polepole, mwalimu akanipiga. Mara ya pili nilikosa kwa kusudi, nikasimama na bengine, lakini mwalimu alijua, akanipiga mbele ya bote. Alafu nikazoea.» Alisema vile, nikazoea, na ile sauti, mwana wangu, miye nilishaisikia mu hii nyumba. Tuache.

Sasa siku moja ya hii mwezi balisimama batoto bengi. Verbe ilikuwa ya kudaka, kama unatupiwa embe unadaka. Benita alitia mukia, alisema catched. Abigaïl alisema caught. Akapita. Alipofika ku Benita, Benita akasema, «Ni paka weye tu, ndugu yangu», akafunga macho. Na Abigaïl akapiga ku sikio. Si ku sura, ku sikio. Kwa nguvu ya mutu mukubwa. Benita akaanguka ku banc, damu ikatoka mu tundu ya sikio, ikashuka ku shingo paka mu uniforme. Munganga wa dispensaire anasema ngozi ya ndani imepasuka na ile upande labda haitasikia tena. Juu ya mukia ya ED, mutoto wa Mama Kapinga amepoteza sikio.

Basi bababa ya batoto bakapanda moto. Balienda ku hangar na mbao, bakavunja ma bancs yote, bakamutosha Casimir chini ya meza kwa miguu. Ngosa alikuwa mule, anasema balimupiga na tableau yake mwenyewe ya kuandikia paka tableau ikagawanyika. Kiatu moja ilibaki mu njia, inang'aa. Mutu alienda anatambaa, meno mu mukono, na sasa banasema iko Lukafu kwa ndugu yake, analima. Sina huruma. Lakini angalia: ye ameenda, hasira imebaki hapa bila mutu. Hasira inatafuta fasi ya kukaa, na fasi ni huku kwangu.

Stéphane, kaka ya Benita, ule mwenye mabega kama kabati, alikuya mangaribi nikikoroga bukari. Alipiga mbabula na muguu, makala ikaruka mu lupango yote, moja ikaniunguza hapa ku kanga. Akamushika Abigaïl ku nywele, akamuvuta paka ku mulango, anasema, «Leta sikio yako, leta nayo!» Abigaïl hakulia. Hakujitetea. Mikono chini kama vile iko ku cours! Miye nilikamata mutwangio ya sombe na nikamupiga ule kijana ku kifundo ya mukono. Nilisikia mufupa, Floribert. Ilisema ka. Aliachia.

Toka ile siku mawe inaanguka ku mabati. Mama Kapinga hatupe mawe, ye anakuya mwenyewe pa mulango, anasimama. Anasema kintu moja tu: «Benita amupige naye. Mbele ya bantu, mikono chini, ma boucles chini. Kofi moja ya ku sikio. Alafu tutaishi.»

Sijamujibu. Niambie kintu, mwana wangu. Lakini kintu ya mutu mwenye kukaa chini.

Mama yako.


Ndola, le 7 juillet 2024

Maman,

Barua yako ilinifikia leo, Chama alikwama mu file ya Kasumbalesa. Sikia vizuri na ufanye vile nasema.

Hakuna mutu atamugusa mutoto wangu. Hakuna. Chama atapita kwako na camion siku ya Alhamisi ya juma yenye kukuya. Abigaïl apande, avae nguo mbili juu ya ingine, asiage mutu. Iko cabine nyuma ya siège ya dereva, atalala mule paka bamevuka mupaka. Atakaa mu nyumba yangu, ataendelea na anglais, janvier anaingia masomo.

Alafu miye nitakuya. Nina démonte-pneu ya chuma, urefu ya mukono yangu, na marafiki benye deni kwangu ya siku moja kama ile. Ule Stéphane, ulimuvunjia mukono moja, miye nitamuvunja ile ingine, na magoti. Nitavunja meza ya samaki ya mama yake. Baliniona mutu mudogo juu niko mbali.

Usiandike tena. Fanya.

Floribert

Na Abigaïl hana kosa. Alitii mwalimu. Mutoto anatii, njo masomo.


Luano, tarehe 18 mwezi wa saba 2024

Chama iko inje, Floribert, moteur inalia, na kiti iko wazi. Yambo. Lydie anaandika mbio, basi samahani kama maneno inakanyagana. Lakini yambo hatuwezi kuruka. Uliamka? Bamekupa chai? Shiye tuliamka. Kuku nyeusi ilitotoa, kumbe ilikuwa inajificha chini ya kitanda yangu wakati ya mawe, na mayai ikapona yote. Hata moja haikupasuka. Nilibaki naangalia vile vifaranga nikasahau bukari ku moto.

Nilimuita Abigaïl asubui. Nilimuambia, camion ya baba yako imefika, panda, kule hakuna Stéphane, kule hakuna mawe. Nilimupa nguo mbili, alivaa moja juu ya ingine vile ulisema. Alienda paka ku muguu ya camion. Chama akamunyooshea mukono. Akageuka, akaniuliza, «Kambo, kule kwa papa pia nitatoshaka ma boucles?»

Miye, Albertine, mwenye mudomo vile unanijua, nilimuita Lydie akuye na karatasi.

Juu nilikuuliza mara mbili kama kuko mwanamuke mu nyumba yako. Nilikuuliza juu ya mikono, weye ulinijibu juu ya chuma na gants. Na weye unajua nilikuwa nauliza nini. Mbele Abigaïl njo alikuwa anaandika, sikuweza kutamka. Lydie saa hii anaweza kuandika: Simone alikufa na homa, ndiyo, munganga alisema homa, lakini alikufa mukono yake ikiwa imefungwa na mbao mbili, na ile mukono haikuvunjwa na homa. Abigaïl alikuwa mudogo, alikuwa chini ya hii meza. «Nikazoea.» Mama yake alisemaka vile vile, vile vile, anatwanga na mukono moja. Ulikula jino yako ku masomo, ukakuya kuitapika hapa.

Kama kuko mwanamuke Ndola, mupe yambo yangu. Mwambie mama mukwe wake anauliza kama ma boucles yake iko ku masikio.

Sasa démonte-pneu. Ukikuya nayo, utanikuta pa mulango na mutwangio, na uulize Stéphane, siogope mufupa ya kijana. Ukikuya mikono mitupu, kuko bukari. Mama Kapinga hana kosa kwako, meza yake ya samaki usiiote hata ndoto.

Nilimujibu jana. Nilienda paka ku soko, mbele ya samaki yake na nzi yake. Aliendelea kukata samaki, hakunitazama. Nikasema, «Mama Kapinga, nimekuya.» Akasema, «Naona.» Nikasema, «Benita akuye mwenyewe, kwa miguu yake. Kaka zake babaki ku njia kubwa. Kama mutoto anataka kupiga, apige, sitafunga mulango. Lakini aseme ye mwenyewe, si mudomo ya bengine. Batoto yetu bamepiga bya kutosha juu mutu mukubwa alisema piga.» Akakata kichwa ya samaki, akasema, «Na kama anasema ndiyo?» Nikasema, «Basi Abigaïl atasimama. Lakini kofi itafika ku sikio yangu miye kwanza. Miye njo nilimupeleka ku cours, miye njo nilifurahi ni wa kwanza.» Akasema, «Mama muzee, utaanguka.» Nikasema, «Nitaanguka mu lupango yangu.» Akaniangalia sasa, kwa mara ya kwanza toka ile siku. Akasema, «Kesho.»

Kesho njo leo.

Abigaïl ametosha ile nguo ya juu, amebaki na moja. Amemwambia Chama, «Aksanti, baba, uende.» Chama anasema atangoja barua, lakini miye naona anangoja kuona. Bantu ya njia yote banangoja. Hata Ngosa amesimama na kiti yake, bila haya, kama vile iko ku cinéma. Ndege imepita saa hii, hakuna mutu aliinua kichwa. Nikuambie na habari ya kiuno yangu, juu tangu juzi inashuka mu muguu ya kushoto, nilipaka mafuta ya nazi yenye Lydie

«Mama Albertine! Ko ko ko! Tumefika. Benita iko na miye.»

Banafika. Abigaïl ameamka. Ametosha ma boucles yako, ameiweka hapa ku meza, mbele ya karatasi, ameipanga vizuri moja karibu na ingine. Anaelekea ku mulango. Ngoja, mutoto. Ngoja. Usitangulie.

Lydie, nisaidie na hii boucles yangu, ile ya zamani baba ya Floribert alininunulia wakati ya kazi ya reli, kashimo ya sikio imekauka, toka ndoa sijaitosha. Vuta. Vuta tu, haiume. Iweke pale karibu na ya mutoto. Funga barua, umupe Chama.

Nakuya, Mama Kapinga! Nakuya!